Adabu za safari: Mwendo wa msafara ni mwendo wa aliye dhaifu

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeitandaza ardhi, akaiwekea milima ili itulie, na akaotesha humo kila namna ya mimea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, tumezoea katika safu hii kujibu maswali yanayoletwa na wasomaji. Leo hatutajibu swali la mtu. Tutaeleza kosa tulilolitenda sisi wenyewe tunaoandika makala haya, tena tulilitenda huku midomo yetu ikiwafundisha wengine wasilitende. Tumeona si vema kulificha, kwa kuwa ingawa letu lilitendeka mlimani, mfano wake unatendeka kila siku majumbani mwetu.

Safari ya Chamuriho

Ilikuwa Jumamosi moja mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha na kiangazi ndiyo kwanza kinaingia. Baada ya Swala ya Alfajiri tuliondoka mjini Musoma watu sita, wote wa darsa moja la msikitini, kwa nia ya kupanda Mlima Chamuriho ulioko Ikizu katika Wilaya ya Bunda, na kurejea siku hiyo hiyo. Wenzetu watatu wa Bunda walikuwa wakitungoja Nyamuswa.

Tulikuwa mchanganyiko wa umri na kazi: fundi wa injini za boti, wafanyabiashara wawili wa dagaa, kijana wa kidato cha nne, muuza nguo wa Bunda na wengineo. Mkubwa wetu kwa umri alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa heshima kubwa, ambaye nusu ya darsa letu iliwahi kuketi mbele yake darasani.

Gari lilipita Makutano, kisha likaingia Butiama. Tulipokaribia Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere Oktoba 1999, mzee wetu aliwasimulia vijana namna Rais huyo alivyotoka hapo Butiama mwaka 1967 kwa miguu hadi Mwanza, safari ya siku kadhaa na zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. "Sisi kizazi chetu kililelewa kwa kutembea," akasema. Vijana wakacheka, nasi tukacheka. Hakuna aliyejua kwamba maneno hayo yangemfunga yeye mwenyewe baadaye.

Tulipofika Nyamuswa tulikamilika watu tisa. Tulijitambulisha kwa uongozi wa kijiji, nao wakatupa mzee mmoja mwenyeji wa kutuongoza. Hapo tukakumbushana mafundisho ya Mtume (S.A.W.) aliyoyapokea Abu Dawud kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.), kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao awe amiri. Wenzetu wakatuteua sisi. Tulikubali, na tangu dakika hiyo kila nafsi katika msafara ule ikawa amana shingoni mwetu.

Mlima na watu wake

Huenda msomaji akauliza: Masheikh na milima wapi na wapi? Jibu ni kwamba Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Ankabut aya ya 20, imetuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Na katika Sura Al-Ghashiya, aya ya 17 hadi ya 20, tumehimizwa tumtazame ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijitenga kwa ibada katika pango la Hira mlimani hata wahyi ukamjia huko. Alijificha katika pango la mlima Thaur alipohama, na juu ya mlima Uhud alisema kwamba ni mlima unaotupenda nasi tunaupenda. Aliyekaa mjini mwaka mzima akisikia ngurumo za pikipiki na kelele za soko, siku moja ya kutembea kwenye miti humrejeshea mengi.

Tulianza kupanda yapata saa tatu asubuhi. Chini kulikuwa na mashamba ya mihogo na mtama, kisha vichaka vikaanza, kisha miti ikatufunika. Majani yalikuwa marefu kufika kifuani, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeondoka karibuni tu na njia ilikuwa haijakanyagwa. Mahali pengine maji ya masika yalikuwa yameichimba njia na kuacha mawe yaliyolegea. Mlima wenyewe si wa kutisha. Mtu mwenye afya ya wastani anaumudu. Lakini mwanzo wa msimu njia huwa bado ngeni hata kwa wenyeji.

Mzee mwenyeji alitueleza kwamba katika masimulizi ya Waikizu jina la mlima linatokana na babu yao wa kale, Muriho, na kwamba tangu zamani mahali pale paliheshimiwa. Hali kama hiyo ipo pia Butiama, kwenye msitu mdogo wa Muhunda ambao Wazanaki wameutunza kwa mila zao. Sisi Waislamu hatumnasibishii yeyote ulinzi wa mti wala wa mvua isipokuwa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini ingekuwa aibu iliyoje, msitu uliohifadhiwa vizazi na vizazi na watu wasioifahamu dini yetu, uje ukatwe kuni na mkaa na mtu anayejua kwamba yeye ni khalifa katika ardhi! Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi hatukukata hata tawi, na taka zetu zote tulirudi nazo.

Kosa letu

Tulipokuwa tukipanda tulileta takbira, kwa kuwa Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia, kama alivyopokea Bukhari, kwamba masahaba walipopanda walileta takbira na walipoteremka walileta tasbihi. Vijana walikuwa na nguvu, nasi mioyo yetu ilifurahi kuwa nao. Tukashika njia ya mbele tukiwafundisha adabu za safari, moja baada ya nyingine: kuwaaga watu wa nyumbani, kulipa madeni, kuomba dua ya safari, kusaidiana mizigo.

Tukafika kwenye hadithi nyingine ya Jabir huyo huyo, aliyoipokea Abu Dawud. Anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na desturi ya kubaki nyuma katika msafara, akimsukuma taratibu aliye dhaifu, akimpakia nyuma yake aliyechoka, na kuwaombea dua. Tuliieleza vizuri, kwa maneno ya kupendeza, tukiwa tumesimama juu ya jiwe.

Mmoja wa wale wafanyabiashara wa dagaa akageuka akatazama njia tuliyotoka, kisha akauliza kwa upole, "Sheikh, na wa kwetu wa nyuma wako wapi?"

Tulihesabu. Tulikuwa saba. Mwalimu hayupo, wala kijana wa kidato cha nne. Mzee mwenyeji pia hayupo. Tulidhani yuko mbele yetu, kumbe tangu tulipoingia msituni alikuwa amejirudisha nyuma bila kusema neno. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Hakuna miongoni mwetu aliyeweza kusema mara ya mwisho alimwona Mwalimu saa ngapi.

Tuliteremka karibu nusu saa. Tulimkuta ameegemea shina la mkuyu, kanzu imelowa jasho, mikono inatetemeka, na maneno yake hayafuatani. Kijana alikuwa amepiga magoti mbele yake akimnywesha soda kidogo kidogo, huku mzee mwenyeji akimpepea kwa kofia yake. Mama wa kijana huyo ana kisukari, na kwa kumuuguza nyumbani alikuwa amejua dalili za sukari kushuka: jasho jingi, mitetemeko, kuchanganyikiwa. Alijua pia kwamba dawa ya haraka ni kitu chenye sukari kwa mgonjwa ambaye bado anaweza kumeza, kisha kungoja kama robo saa na kumpa tena ikiwa hajapata nafuu. Angejua mtu mzima gani kati yetu? Sisi tuliosoma vitabu vingi hatukujua.

Mwalimu alipotulia alituambia ukweli. Alikuwa mgonjwa wa kisukari kwa miaka kadhaa. Alfajiri alikuwa amemeza dawa yake, akanywa chai tupu ili asituchelewesha. "Nilisema kizazi chetu kimelelewa kwa kutembea," akasema akitazama chini. "Baada ya kusema hivyo, ningewaambiaje kwamba nimechoka? Sikutaka kuwa mzigo."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalituchoma kuliko lawama. Mtu hafichi udhaifu wake mbele ya wenzake ila pale wanapomfanya aone kwamba udhaifu ni fedheha. Sisi ndio amiri. Hatukumuuliza yeyote hali yake kabla ya kuondoka. Tulipima mwendo kwa miguu ya vijana, tukawaacha wa nyuma wajipime wenyewe.

Maji, vumbi na Swala

Wakati huo Adhuhuri ilikuwa inaingia, nalo likazuka suala la maji. Kila mmoja alikuwa amebeba chupa moja, na jua la Juni lilikuwa limekwishazipunguza. Tulipozikusanya zote hazikuzidi lita mbili kwa watu kumi, na mgonjwa alihitaji kunywa njia nzima ya kuteremka.

Hapa pana mafunzo ya fikihi ambayo kila familia inayosafiri inafaa kuyajua. Kwanza, saa. Wengi wetu Mara tunatumia ratiba za Swala zilizochapishwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Musoma iko mbali magharibi, hivyo jua hufika utosini nyuma ya Dar es Salaam kwa zaidi ya dakika 20, na mwezi Juni Magharibi huchelewa karibu nusu saa. Anayeswali Adhuhuri kwa ratiba ya Dar es Salaam huku kwetu huenda akaswali kabla ya wakati.

Pili, kupunguza Swala. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, masafa ya kupunguza hukadiriwa kuwa kilomita 80 na ushei. Safari yetu haikufika huko, kwa hiyo tuliswali rakaa nne kamili.

Tatu, udhu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa pishi ndogo iitwayo mudi, ambayo haifiki hata lita moja. Basi mwenye maji machache asikimbilie kuacha udhu. Lakini yakiwa yanahitajika kwa kunywa, na hasa kwa mgonjwa, uhai hutangulia, na hapo hutayamamu kwa ruhusa iliyomo katika Sura An-Nisaa aya ya 43 na Sura Al-Maida aya ya 6. Hatukuwa na yakini ya kufika kwenye kijito cha chini kabla ya Alasiri tukiwa na mgonjwa. Tukatafuta vumbi kavu chini ya jiwe lililoinama, kwani wanavyuoni wetu wa Kishafii hushurutisha udongo wenye vumbi na si jiwe tupu. Tukaswali jamaa, Mwalimu akiwa ameketi.

Tulipokuwa tukipangusa nyuso zetu kwa vumbi lile, tulikumbuka sababu ya kuteremshwa kwa ruhusa hiyo. Bibi Aisha (R.A.) alipoteza kidani safarini. Mtume (S.A.W.) akausimamisha msafara wote ili kitafutwe, mahali pasipo na maji. Watu wakanung'unika kwa Abu Bakar (R.A.), naye akamkaripia binti yake. Asubuhi ikaingia hakuna maji, ndipo ikateremka aya ya kutayamamu, na ngamia alipoinuliwa kidani kikapatikana chini yake. Ruhusa tunayoitumia mpaka leo kila tunapokosa maji ilikuja wakati msafara mzima ulipomngojea mtu mmoja. Na aliyengojewa hakuwa mgonjwa wala mzee. Alikuwa amepoteza pambo tu.

Kilele kilichoachwa

Baada ya Swala pakawa na mjadala. Fundi wa boti alisema, kwa adabu lakini kwa uchungu, kwamba tumetoka mbali, kilele kinaonekana, na mzee mwenyeji ametueleza kuwa siku iliyo safi kama ile mtu huliona ziwa upande wa magharibi. Aliomba wenye nguvu wapande, wengine wakae na Mwalimu. Mwalimu mwenyewe aliunga mkono. "Nendeni wanangu, mimi nitapumzika hapa."

Hatudai kwamba rai ile ilikuwa batili. Lau tungekuwa na viongozi wawili wa njia na maji ya kutosha, huenda tungeikubali. Lakini kiongozi alikuwa mmoja, njia ilikuwa imechimbwa na mvua, na tulikuwa tumekwishaonja matokeo ya kugawanyika mara moja siku ile. Tukaamua kuteremka wote. Fundi alinyamaza. Kisha akavua mkoba wa Mwalimu begani kwake, akauvaa yeye mbele kifuani, maana mgongoni alikuwa na wake.

Tuliteremka kwa mpango mwingine. Mwalimu aliwekwa mbele kabisa baada ya mzee mwenyeji, ili hatua zake ziwe ndizo kipimo chetu. Sisi tulishika nyuma. Kila aliposimama, wote tulisimama. Tulileta tasbihi pole pole. Katika mwendo ule wa taratibu tuliona yale ambayo asubuhi tuliyapita mbio: vipepeo kwenye tope la njia, na mahali miti ilipoachana, nyika pana inayoelekea Ikoma na Serengeti, ya kijani bado baada ya masika. Ilitufikia saa kumi na moja tukiwa Nyamuswa, watu tisa kama tulivyoondoka, alhamdulillahi.

Na nyumbani je?

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Jabir (R.A.), ambaye safarini ngamia wake alichoka akabaki nyuma. Mtume (S.A.W.), mkuu wa msafara mzima, alimrudia. Akamchochea ngamia yule, akapata mwendo. Kisha akafuatana na Jabir akimuuliza habari za ndoa yake mpya, naye akamweleza kwamba ameoa mwanamke mtu mzima ili amsaidie kuwalea dada zake, walioachwa yatima baba yao alipouawa Uhud. Mtume (S.A.W.) akamnunua yule ngamia, na walipofika Madina akamlipa Jabir thamani yake, kisha akamrudishia na ngamia wake. Tuzingatie: kama asingerudi nyuma, angeyajua wapi mahitaji ya nyumba ile?

Enyi wazazi, familia nayo ni msafara na baba ndiye amiri. Wako akina baba wanaotangulia hatua hamsini mbele barabarani, huku mama akifuata na mtoto mgongoni na kikapu mkononi. Wako watoto wanaochelewa kuhifadhi madrasa, nasi tunawasifu wale wepesi mbele yao hadi wanajifunza kuficha wasichokijua, kama Mwalimu alivyoficha ugonjwa wake. Wako wazee wetu ndani ya nyumba ambao hawasemi wanapoumwa kwa kuogopa kuitwa mzigo. Mtume (S.A.W.) alipomteua Uthman bin Abil-As (R.A.) awe imamu wa watu wake, alimwagiza awapime kwa aliye dhaifu wao. Ikiwa Swala, nguzo ya dini, hupimwa kwa aliye dhaifu, ni safari gani basi isiyostahiki kupimwa hivyo?

Kwa wanaotaka kupanda milima yetu kiangazi hiki, tunausia haya. Amiri na amuulize kila mtu hali ya afya yake faraghani kabla ya kuondoka, na kila mtu aseme kweli, kwa kuwa kuficha ni kuwahadaa wenzako. Mgonjwa wa kisukari ale chakula chake kama alivyoelekezwa na daktari, na msafara ubebe kitu chenye sukari. Chukueni maji zaidi ya mnavyodhani. Pangeni saa ya kugeuka, na ikifika mgeuke hata kama kilele kiko karibu. Mtu mwenye nguvu na maarifa ashike nyuma.

Mwalimu anaendelea na darsa. Wiki iliyofuata alisimama mwenyewe mbele ya wote akaeleza ugonjwa wake, na baada yake watu wawili wengine wakasema wanao. Amesema Juni ijayo atapanda tena, akiwa ameshiba. Fundi wa boti amekwishamwambia kwamba yeye ndiye atakayeshika nyuma.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipoteleza, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wenye kuwangojea wenzetu hapa duniani ili nasi tusiachwe nyuma siku ya kuvuka Sirati. Amin.